Kura ya Kondoo Waliolowa

Mvua ilikoma kabla hakujapambazuka, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Ingenyesha mpaka asubuhi kusingekuwa na la kujadili, wanyoaji wangejifunika blanketi na kulala. Isingenyesha kabisa, kengele ingelia na mashine zingewashwa. Lakini ilinyesha nusu, kisha upepo ukashuka kutoka milimani ukawapepea kondoo mazizini. Ilipofika saa moja asubuhi, kondoo wa shamba la Kettlewell walikuwa na migongo mikavu, na matumbo ambayo hata ukiyashika huwezi kuapa kama yamelowa au yamekauka.

Ikiwa hivyo hupigwa kura. Kila mnyoaji ananyoa kondoo wawili, anajionea kwa mikono yake, halafu anaandika neno moja kwenye kikaratasi: lowa, au kavu. Wengi wakisema lowa, hakuna kazi siku hiyo na mwenye shamba hana la kusema. Wengi wakisema kavu, wote wananyoa, hata yule aliyekataa. Hakuna anayeonyesha karatasi yake na hakuna anayeuliza. Nimewaona wanaume wakipigana ngumi kwa ajili ya mbwa, lakini sijamwona hata mmoja aliyemuuliza mwenzake kura yake.

Sisi tunaookota sufu hatupigi. Katika kikosi cha Coral, bosi wetu, mimi ndiye niliyekuwa nikifungua karatasi na kuzisoma, kwa sababu sinyoi, na kwa sababu, kama Coral alivyosema, nina uso usiosema kitu.

Asubuhi ile nilikuwa naitaka lowa kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Kaka yangu Brodie alikuwa amechelewa dripu yake ya hospitali kwa siku kumi na moja.

Bandani walimjua Brodie kama mnyoaji wa mbele, wa nafasi ya kwanza kando ya dirisha. Walichokuwa hawajui ni kwamba mguu wake wa kulia ulikuwa ukimsahau. Miaka miwili nyuma jicho lake moja lilifunga ukungu kwa wiki tatu, kisha vidole vikafa ganzi, kisha mguu. Daktari wa mjini Launceston alimlaza ndani ya ile mashine inayopiga kelele kama mabati, akatuonyesha madoa meupe kwenye picha ya ubongo, akaandika herufi mbili za jina la ugonjwa kwenye faili: MS.

Mimi peke yangu ndiye niliyekwenda naye. Shule niliishia darasa la sita. Mama alipofariki nikamfuata Brodie mabandani, na kila ninachokijua kuhusu kazi amenifundisha yeye. Kwa hiyo daktari alipomaliza maneno yake marefu na kutoka, nilimwambia nesi Joyleen aniambie tena, polepole, kama mtu anayemwambia mtu wa kazi za mikono.

Joyleen akavuta kiti. Akasema damu ina chembe nyeupe, ndizo walinzi wa mwili. Kila moja hufunzwa uso wa adui wa kumtafuta, na zile zinazoonekana kuwachukia wenyeji huuawa mapema, kabla hazijatoka mafunzoni. Lakini chache hupenya. Brodie alipokuwa na miaka kumi na saba aliugua homa ya matezi, ile ya kuvimba shingo ambayo karibu kila kijana anaipata na kuisahau. Chembe zake zikaukariri uso wa kirusi cha homa hiyo. Kwa watu wengine mambo huishia hapo. Kwake yeye, zilipozunguka zikakuta mwilini kitu chenye sura inayofanana nacho, yaani ule utando wa mafuta unaoifunika mishipa ya fahamu.

"Kwa hiyo zinauvamia utando," nilisema.

"Zinapita kwanza kwenye ukuta wa mshipa wa damu, ambao kwa kawaida hauzipitishi kuingia ubongoni. Zikishaingia zinaita wenzao. Wanakuja wale walaji, chembe kubwa, wanaubandua utando na kuumeza. Mshipa unabaki uchi, na habari inayotoka kichwani kwenda mguuni inavujia njiani."

Brodie alikuwa anatazama viatu vyake muda wote. Akasema, "Yaani wananinyoa."

Joyleen akacheka, lakini vizuri tu. "Wanakunyoa."

"Na ni wanyoaji wabovu. Wanakata mpaka ngozi."

"Hilo ndilo tunaloogopa. Utando unaweza kuota tena kidogo. Mshipa wenyewe ukikatika, basi."

Dawa aliyopewa ilikuwa ya dripu, kila wiki nne bila kukosa. Haiziui chembe. Inazipaka utelezi tu, zinashindwa kuushika ukuta na kupenya, zinabaki kuzunguka kwenye damu. Joyleen alitukanya jambo moja mara tatu: ukiiacha ghafla, zile zilizokuwa zikingoja nje zinaweza kuingia zote kwa pamoja.

Tangu siku hiyo nilikuwa na kalenda yangu ndani ya begi. Siku ya dripu Brodie alimwambia Coral anakwenda kumwona mchumba wake Launceston, na wenzake walimtania mchumba gani huyo anayepatikana kila wiki ya nne tu kama gazeti la kanisa. Mimi nilimfungia mikate yenye nyama ya kondoo na matango ya siki. Alirudi jioni na plasta kwenye kiwiko, mikono ya shati imeshushwa. Alikuwa ameniapisha nisimwambie mtu yeyote, kwa kuwa Coral akijua, bima ya kikosi haitamkinga, na mnyoaji asiye na bima hana banda. Niliapa.

Sasa Novemba imefika, tuko Kettlewell, na Coral ametangaza kwamba hakuna atakayetoka mpaka kondoo elfu nne waishe, iwe mchumba, iwe mazishi. Nikaona siku tano za kuchelewa, nikaona nane. Nikamwona Brodie akiinua mguu wa kulia kwa kushika suruali anapopanda ngazi, na kugeuza kichwa kizima badala ya macho anapotafuta kopo lake la chai. Joto likizidi, alasiri, alikuwa anapepesuka. Nilimwambia, "Kaka, mwambie Coral unaumwa jino." Akasema, "Acha, Teg. Mvua ikija nitakwenda."

Mvua ikawa inakuja. Kwa hiyo siku moja kabla ya kura nilikaa nikawahesabu. Wanyoaji wetu ni watano. Mzee Mort Pybus na mwanawe Lachie hupiga kavu hata kondoo akitolewa mtoni. Hilo linajulikana bila kuuliza. Wiri, ambaye ni Mmaori, ana majipu kwenye mapaja tangu banda lililopita na hakuwa na siri, alisema mbele ya kila mtu kwamba hatogusa sufu yenye unyevu. Brodie mwenyewe, nilimhesabu lowa. Anabaki Alby Gowans, ambaye amenyoa nafasi ya pili kando ya kaka yangu kwa miaka tisa, na ambaye kura yake hakuna anayeijua, huenda na yeye mwenyewe haijui mpaka ashike kalamu.

Nilimkuta Alby alasiri akinoa vichana vya mashine ya kunyolea, cheche zinamrukia kwenye ndevu.

"Baba Alby, kesho kukiwa na kura, naomba uandike lowa."

Alizima jiwe la kunolea. "Binti, umeniomba kitu ambacho mke wangu hajawahi kuniomba."

"Najua."

"Na wewe ndiye msomaji."

"Najua, baba Alby."

Akaningoja. Nilikuwa nimepanga kusema uongo fulani kuhusu mimi mwenyewe, mambo ya kike, ambayo yangemtia haya akakubali upesi. Lakini nilipomtazama usoni nikaona hatakubali kwa uongo mdogo. Nikamwambia yote. Madoa, chembe, dripu, siku kumi.

Alby akakaa chini juu ya boksi. "Mimi nilidhani ni pombe."

"Kaka hanywi."

"Ndiyo iliyonishangaza. Mtu anayumba kama mlevi na kunuka sabuni." Alifuta vidole kwenye fulana, kimoja kimoja. "Ni kondoo waliolowa hao. Mjomba wangu alikwenda vivyo hivyo. Unyevu unaingia kwenye mifupa."

"Siyo unyevu. Ni walinzi wake mwenyewe."

"Basi ni wadhaifu. Nina chupa ya dawa, vitunguu saumu na siki ya tofaa, mke wangu anaichemsha, inaongeza kinga ajabu. Mpe vijiko viwili."

"Usimpe, tafadhali. Kinga anayo nyingi mno. Ndiyo inayomla."

Hilo lilimchukua muda kulimeza. Mwishowe akasema, "Mtu aliwe na askari wake," akatikisa kichwa, akawasha tena jiwe. Kisha juu ya kelele: "Nitaandika lowa. Na hujaniambia kitu."

Nilirudi chumbani na moyo mzito kwa kuvunja kiapo, lakini hesabu ilikuwa tatu kwa mbili, na nikalala.

Asubuhi wakanyoa kondoo wawili wawili. Nilizunguka nikifagia vipande vya sufu na kumtazama Brodie. Kondoo wa pili alimponyoka, jambo ambalo sijaliona kwake tangu nikiwa mtoto. Alimdaka tena kwa goti. Coral alikuwa amesimama mlangoni amekunja mikono. Ni mwanamke mfupi, mweupe wa nywele, aliyewahi kunyoa mwenyewe mpaka mgongo ukamkatalia.

"Mmeona," alisema. "Andikeni."

Nikawagawia karatasi na penseli. Kila mmoja akageukia ukuta wake. Wakakunja, wakatia kwenye kofia ya Wiri, nami nikaisimamisha kofia juu ya meza ya sufu, karibu na jiko la kuni ambamo karatasi huchomwa zikishasomwa.

"Kavu," nilisoma. Nikaitia motoni.

"Lowa."

"Kavu." Huyo ni Lachie Pybus, maana alikohoa.

"Lowa."

Ikabaki moja. Nilikuwa natabasamu ndani kwa ndani, kwa sababu mbili kavu zilikuwa zimeshatoka, za mzee Mort na mwanawe, na hakuna nyingine niliyoitarajia. Nikaifungua.

Iliandikwa kavu. Penseli ilikuwa imekandamizwa mpaka ikatoboa karatasi kwenye herufi ya kwanza na ya mwisho. Vidole visivyohisi ndivyo vinavyoandika hivyo, vinakandamiza ili vijue kama bado vinashika. Kwa miaka miwili nimesoma orodha zetu za dukani zikiwa na matobo yale yale, sukari, betri, viwembe.

Sikumtazama Brodie. Sijui nilikaa muda gani; Wiri aliniambia baadaye kwamba haukuwa hata muda wa kupiga chafya.

"Lowa," nilisema, nikaitupa motoni.

Wiri akapiga kofi moja. Mzee Mort akavua mkanda wake wa kiunoni akautundika. Coral akasema, "Haya, wamelowa," akatoka kwenda kumpigia simu mwenye shamba. Na ndipo nilipoinua macho. Brodie alikuwa ananitazama kama mtu anayemtazama mbwa wake mwenyewe aliyemkuta ndani ya zizi asilotumwa.

Pikapu kwenda Launceston niliendesha mimi. Tulipita Campbell Town, tukapita malisho yaliyokaa maji yanayong'aa. Karibu na kijiji cha Perth Brodie akafungua kidogo kioo cha upande wake.

"Umesoma vibaya."

"Nimesoma ilivyotakiwa kuandikwa."

"Teg, ile ni kura."

"Na ile ni dripu. Siku kumi na moja, kaka. Kwa nini uliandika kavu?"

"Nilitaka kunyoa."

"Kondoo amekuponyoka."

"Wote huponyoka."

"Wewe hawakuponyoki."

Akafunga kioo. "Turudi."

Sikurudi. Nilijiambia kwamba ni kiburi tu cha mwanaume wa nafasi ya kwanza, kwamba akishakaa kwenye kile kiti cha bluu cha hospitali na sindano ikaingia ataona aibu na ataniomba radhi. Nilikuwa nimekwishaanza kumsamehe.

Hospitalini Joyleen alikuwa mezani anaandika. Alipomwona Brodie alisimama.

"Brodie," alisema. "Tumekupigia simu mara sita. Tumekuandikia barua mbili."

"Amechelewa siku kumi na moja tu," nilisema. "Wametubana kazini."

Joyleen alinitazama, kisha akamtazama yeye, kisha tena mimi, na mimi ambaye huwa naona vitu nikaona kuna kitu kabla hajafungua mdomo. "Siku kumi na moja za nini, mpenzi? Dripu yake ya mwisho ilikuwa Juni."

Julai, Agosti, Septemba, Oktoba. Mara nne nilimfungia mikate. Mara nne alirudi na plasta, na ile ya Oktoba niliikuta kwenye mkono wa shati nilipokuwa nikifua, pamba yake nyeupe pepepe, haina hata nukta ya damu. Niliiona. Niliishika. Nikasema moyoni, nesi wetu ana mkono mwepesi.

Joyleen akatuingiza chumbani, akafunga mlango. Alisema kwamba mwezi Julai kipimo cha damu ya Brodie kilionyesha kirusi kingine, cha kulala, ambacho watu wengi wanacho na hakiwadhuru kwa sababu walinzi hupita ubongoni mara moja moja kukikagua. Lakini ile dripu inawafungia walinzi nje, wabaya na wazuri pamoja. Kirusi kikijua hakuna anayekagua kinaweza kuamka kikala ubongo. Kwa hiyo dripu ilisimamishwa, na alitakiwa aanze dawa nyingine mapema, kabla chembe hazijarudi kuushika ukuta.

"Hiyo nyingine inafanya nini?" niliuliza. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida.

"Inaondoa aina moja tu ya chembe nyeupe. Zile ambazo kwa sehemu kubwa kazi yake ni kuwaonyesha wengine uso wa adui. Zamani tulidhani wabaya ni wale wanaoshambulia tu. Tukaja kuona ukiwaondoa hao wanaoelekeza vidole, washambulizi wengi hutulia."

"Na hakuja kuianza."

"Hakuja."

Brodie alikuwa amekaa kwenye kitanda, mikono katikati ya magoti. "Kila dawa ni kufungia nje mtu wangu au kuua mtu wangu," alisema. "Nilitaka msimu mmoja. Mmoja tu, hakuna anayenitia kitu mwilini. Ninyoe."

"Ulikuwa unakwenda wapi?" niliuliza.

"Wapi?"

"Siku za dripu."

Akafikiri kama atanidanganya, nikaona akiacha. "Korongoni, hapa hapa mjini. Kuna viti juu ya mto."

"Na mikate?"

"Niliila, Teg. Nyingine niliwapa bata."

Hilo la bata ndilo lililonichoma, sijui kwa nini, kuliko la dripu. Ningeweza kuelewa mtu kuuogopa mlango wa hospitali. Lakini kununua boksi la plasta dukani, kuchagua kiwiko, kujibandika ndani ya pikapu, na kuja kukaa mbele yangu nikimuuliza kama iliuma, naye akijibu, kidogo.

Joyleen alimtoa damu, akampangia picha mpya, na dripu ya kwanza ya dawa mpya Alhamisi ya wiki iliyofuata, saa tatu asubuhi. Alimwambia akikosa tena, hawezi kumuahidi kuhusu mguu ule. Brodie akasema atakuja. Joyleen akaandika jina langu upya kwenye faili kama mtu wa kupigiwa simu, Tegan, dada, akanishika bega tulipotoka.

Tulifika Kettlewell jua likiwa bado liko juu. Alby alikuwa amekaa kwenye ngazi anakula tofaa. Alisimama akaja hadi dirishani kwa Brodie, uso wake umejaa wema wote alio nao.

"Vipi, mwanangu, umetundikiwa dripu?"

Brodie aligeuza kichwa kizima, polepole, mpaka akanipata mimi.

"Baba Alby alikuwa kura ya tatu," nilisema. "Nilimhitaji."

"Uliapa."

"Na wewe ulinunua plasta."

Alishuka. Niliona mguu ukikokota kwenye changarawe, na Alby akiuona, na Alby akitazama pembeni.

Chakula cha jioni kilikuwa saa kumi na mbili, mchuzi wa kondoo na viazi kama kawaida, wote mezani, na Coral kwenye ncha. Wiri alikuwa anasimulia jipu lake lililopasuka mchana huo kwa heshima ya mapumziko, na Lachie anamwomba aache watu wale. Brodie akaweka uma chini.

"Nina jambo," alisema. "Leo nilipiga kavu. Karatasi yangu ilisomwa lowa."

Mzee Mort alimtazama mwanawe, akainua vidole viwili kutoka mezani, kisha cha tatu kumwelekea Brodie. "Sisi wawili na wewe," alisema. "Watatu. Tulikuwa kavu."

Coral alinigeukia. "Tegan. Kweli?"

"Kweli."

"Kwa nini?"

Nilimtazama Brodie. Alikuwa anatazama sahani. Alijua ninaweza kusema, kwa maneno matatu, na bima yake, nafasi yake kando ya dirisha, na msimu wake vingekwenda mlango mmoja na mimi. Na alijua sitasema. Alinipima kama anavyompima kondoo kabla ya kumkamata, akajua mahali pa kushika. Alby naye alijua sababu. Alikuwa anakoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

"Nilichoka," nilisema. "Nilitaka siku moja ya kulala."

"Ya kulala," alisema Coral.

"Ndiyo, mama."

Sidhani aliniamini, lakini kikosi chake kilikuwa kinamtazama. "Watu wamefukuzwa kwenye kisiwa hiki kwa kuiba mbuzi wakarudishwa," alisema. "Kwa kura hawarudishwi. Lori la sufu linaondoka kesho asubuhi. Nenda nalo. Na usitafute kikosi kingine, binti, kwa sababu nitaulizwa, nami sitasema uongo."

"Dada, ungeniambia tu, mimi ningelala kwa niaba yako," alisema Wiri, akijaribu, lakini hakuna aliyecheka, na yeye mwenyewe akarudi kwenye viazi.

Brodie alinifuata nje. Nilidhani anakuja kusema samahani, na nilikuwa nimejipanga kuikataa.

"Kura ni kura, Teg," alisema. "Ungefanya kitu kingine chochote ningenyamaza."

"Ungemwambia na kwa nini, basi."

"Hiyo si ya kwao."

"Ila mimi ni wa kwao."

Alisimama pale, mkono mmoja ukutani, amesimamia mguu wa kushoto kama wanavyosimama farasi waliochoka. Nilimuuliza kitu kimoja tu, kwa sababu ndicho kilichokuwa kimebaki. "Alhamisi utakwenda?"

"Nitakwenda."

Neno hilo nilikuwa nimeshalisikia mara nne, kwa sauti ile ile.

Nilikwenda kwa shangazi, kijijini Oatlands, nikawa namfulia na kumwosha miguu, naye hakuuliza kitu kwa kuwa anapenda kusimulia mwenyewe. Siku zilikuwa ndefu. Nilimpigia Alby mara moja, akasema Brodie ananyoa, wastani, na kwamba yeye Alby ana aibu, na kwamba ule mchuzi tangu siku ile hauna ladha. Nilimwomba amwendeshe hospitali Alhamisi. Akasema amejaribu, ameambiwa ashughulike na vichana vyake.

Alhamisi nilingoja hadi saa nane mchana ndipo nikapiga simu hospitali. Joyleen alipopokea nilijua kwa jinsi alivyovuta pumzi.

"Nataka kujua tu kama amefika," nilisema.

"Siwezi kukuambia, Tegan."

"Mimi ni dada yake. Uliandika mwenyewe."

"Niliandika. Jina lako halipo tena kwenye faili. Nikikuambia chochote nafukuzwa kazi."

Nilikaa kwenye kiti cha simu cha shangazi, kile chenye mto wa sufu. Kwa hiyo sitajua picha yake mpya inasema nini. Sitajua mguu, wala jicho. Siku ya kuanguka atapigiwa simu mtu mwingine, au hatapigiwa mtu.

"Liliondolewa lini?" niliuliza.

"Leo asubuhi."

"Alipiga simu?"

"Hatuondoi jina kwa simu, mpenzi. Ni lazima mtu mwenyewe aje asaini ha..." Akanyamaza. Nilisikia mashine zikilia taratibu nyuma yake, na mgonjwa fulani akiomba maji. "Nina watu hapa," alisema, na kwa sauti ya chini zaidi, "jitunze," akakata.

Shangazi aliniita kutoka jikoni akiuliza ni nani. Nikamwambia ni kaka. Basi alikuwa amefika, amekaa pale, kalamu mkononi, na jina langu mbele yake. Kama alilifuta kabla ya sindano au baada yake, sikupata wa kumuuliza.